Maua Yaliyogeuziana Mgongo

Mama mkwe wangu, Nazmiye, hajawahi kumpiga mtu kofi wala kumtukana mtu njiani. Kwa miaka yote niliyokaa naye hapa Marxloh, mjini Duisburg, nimemsikia akipandisha sauti mara mbili tu: siku paka alipolalia uzi wake wa hariri, na siku mume wangu alipomshauri asahau yaliyopita. Paka alisamehewa.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani ya kuonea watu na miwani ya kuonea sindano. Alisafisha madarasa ya shule ya Wajerumani mpaka magoti yakagoma. Alipostaafu akarudia kazi aliyofundishwa na mama yake kijijini, nyuma ya milima ya Ankara: kushona maua madogo ya uzi kwenye pindo za vitambaa vya kichwa. Sisi tunaiita oya. Maua hayo hayakai juu ya kitambaa, yananing'inia pembeni, moja baada ya jingine, mpaka yanauzunguka uso wa mvaaji. Hakuna mwanamke wa Kituruki asiyekuwa nayo sandukuni, lakini za Nazmiye hujulikana kwa mbali, na wenye maduka ya mavazi ya harusi mtaani kwetu humpigia simu wakimbembeleza.

Kabla ya kila Idi na kila maulidi sebule yetu hugeuka mahakama. Wanawake huja na mikoba yao, husimama mbele ya kioo, na Nazmiye hukata hukumu akiwa ameketi.

"Wewe, mwanangu, vua hizo bangili. Watu wanamswalia Mtume, wewe unapiga njuga?"

"Lakini shangazi Nazmiye, ni dhahabu za harusi yangu!"

"Ndiyo maana. Kila mtu alishaziona harusini."

Mwingine atakuja na pini tano mtandioni, na yeye ataulizwa kama amejistiri au amefungua duka. Sheria zake nimeshazikariri. Maulidi ni kitambaa cheupe chenye ua jepesi, na pini moja tu, kando ya shavu, wala siyo chini ya kidevu kama kamba ya mbuzi. Idi ni hariri, rangi inaruhusiwa, lulu zinaruhusiwa. Msibani kitambaa kinakwenda kitupu, bila ua hata moja. Mwenye stara huvaa pambo moja, husema Nazmiye, na la pili ni kelele.

Yeye mwenyewe alikuwa na pambo moja duniani. Majira ya baridi kabla hajaolewa na kuja huku, mama yake alimshonea kitambaa cheupe chenye maua ya mlozi. Macho ya yule mama yalikwisha kuanza kufifia, na uzi mweupe ulimwishia kabla ya kona ya mwisho, kwa hiyo maua ya kona ile aliyamalizia kwa uzi wa rangi ya maziwa. Kilikuwa kitambaa cha maulidi na cha Idi mbili, basi. Mama yake alipofariki, Nazmiye alikuwa huku akisugua sakafu. Mpaka anafika kijijini, udongo ulikuwa umeshakauka juu ya kaburi. Hakumzika mama yake. Kilichobaki ni kile kitambaa, na alikuwa akikifua kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu, mlango wa bafu umefungwa, mtu asiingie.

Sasa mjue na Mualla.

Mualla ni mke wa mdogo wake marehemu baba mkwe wangu. Kwetu wake wa ndugu wawili huitwa elti, na wazee husema ni rahisi kupika mawe yakaiva kuliko elti wawili kupika jiko moja. Mualla alizaliwa Izmir, mjini, baba yake alikuwa karani wa posta, na hilo la karani wa posta tumelisikia mpaka tumelishiba. Aliona haya kutembea sokoni na sisi. Maua ya sindano aliyaita mambo ya washamba. Lakini siku msikiti wetu mpya ulipofunguliwa kwa maulidi makubwa, na yeye akachaguliwa kuwa mmoja wa wanawake wa kuwamiminia wageni marashi ya waridi mikononi, alikuja kwetu mbio.

"Dada, niazime kile kitambaa cha mama yako. Siku moja tu. Wote watakuwa na vya mkono, mimi nitasimama na cha dukani?"

Nazmiye alimpa. Akampa na pini yake.

Jioni Mualla alirudi na pini. Kitambaa, alisema, alikitundika penye makoti alipokwenda kutawadha, na aliporudi hakukiona. Nazmiye alikwenda msikitini akapekua makoti, akapekua jiko, akapekua mapipa ya taka kwa mikono yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila Ijumaa alisimama mlangoni akiangalia vichwa vya watu. Watu walidhani anawasalimia.

Kisha mama yake Mualla, aliyekuwa akiishi naye huku, akafariki. Maiti zetu nyingi huswaliwa hapa kwenye uwanja wa msikiti kabla ya kusafirishwa Uturuki, na jeneza la mwanamke hufungwa kitambaa chake cha kichwa upande wa kichwani, watu wajue aliyelala humo ni nani. Tulikuwa tumesimama nyuma pamoja na wanawake, mvua inanyesha. Nikahisi vidole vya Nazmiye vimenishika mkono mpaka nikataka kupiga kelele. Jeneza lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe chenye maua ya mlozi. Kona moja ilikuwa na maua ya rangi ya maziwa.

Imamu akageuka, akauliza kama ilivyo ada, mnamhalalishia marehemu haki zenu? Watu wote wakajibu, tumemhalalishia. Nazmiye naye akajibu. Baadaye nilimuuliza aliwezaje, akaniambia, "Maiti hakuniibia."

Alingoja watu waondoke matangani ndipo akamfuata Mualla jikoni kwake. Mimi nilikuwa naosha vikombe, sikutoka, na hakuna aliyenifukuza. Mualla alikana kwanza. Akasema vinafanana. Nazmiye akamtajia ile kona. Hapo Mualla akalia, akasema hakuwa na kitu cha mkono cha kumfunikia mama yake, na watu wangesema mtoto wa mjini kamsafirisha mamaye na kitambaa cha plastiki.

"Kiko wapi sasa?" Nazmiye aliuliza. "Nipe nikarudi nacho."

"Kimekwenda na jeneza. Huko Izmir watampa mwoshaji maiti, ndiyo desturi." Alipoona Nazmiye ameganda, akajifuta machozi na kuongeza, "Dada, usifanye hivyo. Ni kitambaa tu. Sokoni vimejaa."

Nilidhani nitaona vita. Nazmiye alichukua koti lake, akamuaga, akampa pole ya msiba mara ya pili. Mume wangu alipopata habari ndipo alipotoa ule ushauri wake wa kusahau, na ndipo niliposikia ile sauti. Kwa muda wa juma zima mume wangu alikula kwa mama yangu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu siku ile Nazmiye akawa mpole kwa Mualla mpaka inatia hofu. Alimtembelea kila Idi, alimpelekea supu alipougua. Na baada ya kila swala, nilimsikia kwa masikio yangu, aliinua mikono akasema, "Ya Rabi, mjalie Mualla hija." Kila siku. Niliona huyu mwanamke ana moyo wa ajabu, nikajiona mimi mwenyewe mwenye kinyongo, kwa sababu mimi nilikuwa nikimwona Mualla natamani ateleze kwenye barafu. Mjinga mimi. Sikufikiri kwamba mtu anayekwenda hija lazima kwanza azunguke kwa kila mtu kuomba kuhalalishiwa, na kwamba haki ya mja hata Mungu humwachia mja mwenyewe aisamehe.

Miaka ikapita, dua ikajibiwa. Jina la Mualla likatoka katika bahati nasibu ya mahujaji. Nazmiye aliposikia alikaanga semolina kwa siagi na njugu za msonobari, akapika halua ya sufuria kubwa, akagawa ngazi nzima, mpaka kwa Mjerumani wa juu.

Mualla alikuja kwetu na sanduku la baklava na sura ya mtu ambaye tayari ni haji. Alitaka maulidi ya kuagwa ambayo Marxloh haijapata kuyaona. Kila mwanamke atakayeingia avalishwe mlangoni kitambaa cheupe chenye oya, wote sare, aende nacho nyumbani kama ukumbusho.

"Na mkono ni wako dada, nani mwingine? Naona siku hizi yamekuwa fasheni, hata mke wa daktari kaweka picha za maua yake kwenye simu. Zamani tuliyadharau bure."

"Tuliyadharau," alisema Nazmiye. "Zerrin, mwanangu, niletee kile kikapu."

Nikaleta. Akatandika mezani vipande vitatu vya mfano. Cha kwanza kilikuwa na pilipili ndogo nyekundu.

"Hapana, rangi kali," alisema Mualla. "Mimi ni mtu wa hija."

Cha pili kilikuwa na vitu vya kijivu, vimesimama wima vikiwa vimebanana.

"Haya mawe? Yamenikalia vibaya."

Cha tatu kilikuwa na maua ya zambarau hafifu, mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, kila ua limempa mwenzake mgongo. Kilikuwa kizuri kweli, siwezi kusema uongo. Mualla alikiweka shavuni, akajitazama kwenye kioo cha kabati la vyombo.

"Haya! Tazama yalivyogeuziana mgongo, kama wasichana wenye haya."

"Umechagua mwenyewe?" Nazmiye aliuliza.

"Mwenyewe kabisa."

"Zerrin, umesikia?"

"Nimesikia, mama," nikasema, sijui nimesikia nini.

Mualla akataka kulipa, Nazmiye akakataa, akasema zawadi ya haji hailipwi. Alipoondoka nikamuuliza mama mkwe kwa nini anamfanyia kazi ya majira yote ya baridi mwizi wa kitambaa cha mama yake. Akavua miwani ya kuonea watu, akavaa ya sindano.

"Kijijini kwetu, mwanamke hakuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa. Alisema kwa kitambaa. Aliyevaa pilipili alikuwa anawaambia watu kwamba amegombana na mumewe. Yale ya kijivu ni mawe ya kaburi, maana yake ugomvi huu hauishi mpaka tuzikwe."

"Na haya ya zambarau?"

"Haya jina lake ni Elti Kamnunia Elti."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye hakucheka. Akatunga uzi.

"Angechagua lolote kati ya yale matatu ningekuwa radhi," akasema.

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilifunga mdomo. Majira yote ya baridi nilimtazama akishona. Mkono ulimuuma, akaufunga kitambaa cha moto, akaendelea. Nilimsaidia kupiga pasi na kukunja. Sikuwa na huruma hata chembe. Kila nilipokunja kitambaa nilikumbuka lile neno "sokoni vimejaa", nikapiga pasi kwa nguvu zaidi.

Siku ya maulidi ukumbi wa wanawake ulijaa. Marashi ya waridi, peremende ndani ya karatasi, watoto wanateleza na soksi juu ya zulia. Mualla alisimama mlangoni amevaa joho la rangi ya pembe ya ndovu, pini ya dhahabu kando ya shavu, nyingine begani, lulu kifuani, na tasbihi ya kaharabu ameizungushia mkono ikawa bangili. Ungedhani ni mti wa Krismasi wa jirani yetu. Nazmiye alimtazama mara moja, akahesabu kwa macho, akanyamaza. Na Mualla, kwa mikono yake mwenyewe, alimvalisha kila mwanamke kitambaa, akamfunga, akambusu mashavu mawili.

Nazmiye peke yake alikataa. Alikwenda kukaa pembeni, karibu na dirisha, na kitambaa chake mwenyewe cheupe kitupu, kisicho na ua.

"Mama, hicho si cha msibani?" nilimnong'oneza.

"Ni cha msibani."

Wasichana hawakugundua kitu. Wake wa umri wangu hawakugundua kitu, walijipiga picha. Kisha akaingia Bibi Döndü.

Bibi Döndü ametoka kijiji jirani na cha Nazmiye, na tangu masikio yake yafe husema kila kitu kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Mualla akamfunika kitambaa. Bibi akakivua, akakisogeza puani, akakigeuza. Kisha akatazama ukumbi, kichwa baada ya kichwa.

"Ehe! Nani humu kamnunia elti wake?"

"Karibu ukae, bibi," Mualla akasema huku akitabasamu.

"Nimeuliza nani kanuna! Wewe? Wewe huna hata elti. Na wewe je? Kwa nini msikiti mzima umenuna?"

Bibi mmoja mzee akavua chake akakitazama. Wa pili akavaa miwani. Kicheko kilianzia safu ya wazee, kikashuka kwa binti zao, wajukuu wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakaziba midomo. Sasa kila mtu alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa chake anausoma, na anayemtafuta kwa macho ni mmoja tu, kwa sababu Mualla ana elti mmoja tu duniani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke wa daktari, Mungu ambariki, ndiye aliyemweleza Mualla sikioni. Niliuona uso wake ukibadilika. Nitamwomba Mungu msamaha siku nyingine, lakini nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Akavuka ukumbi mpaka dirishani.

"Dada, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia ulichochagua."

"Hukuniambia maana yake!"

"Hukuniuliza. Ulisema ni wasichana wenye haya."

"Kwani ulimkosea nini?" Bibi Döndü alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Mtu hashoni maua yote haya kwa kukosa kazi!"

Ustadha Hacer, msomaji wetu, alikuwa ameshafungua kitabu. Akakifunga. Yeye ni mwanamke wa maneno machache na hakuna anayethubutu kumkatiza.

"Mualla, umetuita tukuombee uende hija ukiwa msafi. Dua ya aina gani nitaomba juu ya vitambaa hivi? Kama kuna haki ya mtu, iombe sasa."

Mualla akajaribu njia ya mkato. Akainamisha kichwa vizuri, kama kwenye picha.

"Dada Nazmiye, kama kuna haki yako yoyote kwangu, nihalalishie."

"Kama?" Nazmiye akauliza.

"Basi, ipo. Nihalalishie."

"Haki gani? Mimi nimezeeka, nikumbushe."

Mualla akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sisikii!" Bibi Döndü akasema, na safari hii nafikiri alisikia.

"Nilichukua kitambaa cha marehemu mama yake!" Mualla alisema, akalia. "Niliazima, nikasema kimepotea. Nikakificha. Nikamfunikia mama yangu jenezani."

Wanawake wa kwetu wanajua kitambaa cha mama ni nini. Mmoja katika wazee akavua kile alichovalishwa, akakikunja, akakiweka juu ya meza ya marashi, akatoa chake mkobani. Mwingine akafuata. Mualla alivitazama vitambaa vyake vikirudi mezani.

"Na jikoni uliniambia neno gani?" Nazmiye aliuliza.

"Dada, nakuomba."

"Neno gani?"

"Kwamba ni kitambaa tu."

"Sokoni?"

"Vimejaa," Mualla akasema.

Akapiga magoti pale zuliani na pini zake zote, akauchukua mkono wa Nazmiye akaubusu, akauweka kwenye paji la uso. Nazmiye hakuuondoa mkono. Kila mtu alikuwa akingoja aseme lile neno moja ambalo sisi sote tunalisema hata kwa muuza mboga. Mimi nilikuwa nikiomba moyoni asilitamke, naapa, nilitaka anyime.

"Nitakuhalalishia," Nazmiye akasema.

Watu wakashusha pumzi. Ustadha Hacer akashika kitabu.

"Siku imamu atakaponiuliza mbele ya jeneza lako. Siku hiyo nitasema kwa sauti, kila mtu asikie. Siyo leo."

"Nazmiye," Ustadha akasema, "mche Mungu. Si halali Muislamu kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu."

"Simnunii, Ustadha. Nitaongea naye, nitakula kwake, nitamkaribisha kwangu. Haya maua amechagua yeye. Lakini haki ni ya mja, na mja ndiye mimi. Kuna aya ya kunilazimisha?"

Ustadha Hacer alifikiri kwa uaminifu, ndiyo maana tunamheshimu.

"Ya kukulazimisha haipo. Ya kukusihi ipo."

"Umeshanisihi. Soma." Kisha akamwinamia Mualla, akamfuta chozi kwa kidole gumba. "Huko Makka niombee maisha marefu, mdogo wangu. Maana nikitangulia mimi, utamwomba nani?"

Maulidi yakasomwa. Mualla alikwenda hija, alizunguka Kaaba, alirudi na maji ya zamzam. Kutoka uwanja wa ndege hakupita kwake, alikuja kwetu na mizigo, akauliza kabla ya salamu, "Dada, presha yako vipi?"

Tangu hapo hatujapumzika. Amenunua mashine ya kupimia presha, anaingia nayo kila asubuhi. Anapika supu isiyo na chumvi, anaibeba barabara nzima ndani ya taulo. Ameondoa mazulia madogo yote nyumbani kwetu dada asije akajikwaa. Barafu ikianguka anakuja kumshika mkono mpaka kliniki, na humo ndani hubishana na daktari juu ya dawa, kwa Kijerumani chake cha kisigino kirefu. Yule aliyeona haya kutembea na sisi sokoni sasa humbebea Nazmiye mkoba, na watu mtaani husema, alhamdulillahi, elti wamepatana. Nazmiye humwachia ambebee. Ukimtazama vizuri utaona amenenepa kidogo kwa raha.

Juma lililopita daktari alisema presha imepanda vibaya, na chumvi ikome kabisa. Mualla aliichukua mitungi yote ya achari akaipandisha juu ya kabati. Akatoka kwenda kununua matunda.

"Zerrin," mama mkwe akaniita, "panda kiti."

Nilisita. Akanitazama. Nikapanda.

Mualla aliporudi alimkuta mezani na bakuli la achari ya kabichi na pilipili, anakula kwa vidole, taratibu. Mfuko wa matunda ukamtoka, machungwa yakatawanyika jikoni, na hakuna aliyeyaokota.

"Dada, unafanya nini? Daktari kasema itakuua!"

"Nimemsikia daktari."

"Mimi ni mdogo kwako. Ukila hivi utawezaje kunizika?"

Nazmiye alilamba kidole, akalivuta bakuli karibu.

"Nani kakwambia nataka kukuzika?" akasema, kisha akaliinua kwa mikono miwili na kuanza kunywa yale maji ya chumvi.